Tupeane uzoefu: Umewahi kusaka nyaraka za ukoo mahakamani au kanisani?

Mwana_Rungwe: Wakuu, uzi wa jana wa mirathi umenikumbusha mbali. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ipo tangu 1920, lakini babu yangu wa Tukuyu alikufa bila cheti chochote. Wenzangu mlianzia wapi?

Kalenga_Juu: Kanisani. Wamoravian wapo Rungwe tangu 1891. Kitabu cha ubatizo kina wazazi na kijiji.

Mama_Uyole: Mimi ni mahakama ya mwanzo, sitasahau. Tulitaka faili la mirathi ya babu, alifariki 1974. Karani akasema ya zamani yote yaliliwa na mchwa. Nikarudi na baba mdogo, tukamwomba hakimu kwa barua, stoo ikafunguliwa. Mafaili yamefungwa kwa kamba ya katani, vumbi mpaka machozi. Likapatikana! Ndani kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, na chini kabisa dole gumba la bibi kwa wino wa zambarau. Orodha ya warithi ina watoto saba. Sisi nyumbani tunajua sita. Baba mdogo alikaa chini palepale sakafuni.

Igawilo_1: Mungu wangu!

Kalenga_Juu: Huyo wa saba ni nani?

Mzee_Mufindi: Msikimbilie. Muhtasari wa kikao huandikwa na wenye sauti. Mtu anaweza kuchomekwa ili apate shamba.

Mama_Uyole: Mzee wangu, shikamoo, lakini bibi yangu hakuwa wa kuchomeka mtu.

Mzee_Mufindi: Marahaba mwanangu. Sijamtukana bibi. Linganisha na kitabu cha ubatizo.

Tosa_B: Kitabu cha enzi za Mjerumani usijisumbue peke yako, ule mwandiko hata Wajerumani wa leo unawashinda. Piga picha, tafuta msomaji. Mafaili ya utawala wao yapo Nyaraka za Taifa, Dar.

Igawilo_1: Dar ya nini? Kaa na wazee kwanza, wanaondoka. Peleka sukari.

Mwana_Rungwe: Na cheti cha ubatizo kitunzeni, RITA, wakala wa serikali wa usajili, hukipokea kama kielelezo ukisajili kwa kuchelewa.

Kalenga_Juu: Mama Uyole, wa saba!

Mama_Uyole: Shangazi. Mama yake ni mwingine, babu alimpata Chunya enzi za dhahabu ya Lupa. Yupo hai. Jumamosi tunamfuata na lile faili, nakala ya hakimu ina mhuri.