Ada niliyo nayo inatosha chama kimoja tu: nijiunge na kipi cha fasihi ya baada ya ukoloni?

Mwanagenzi_Dar: Wakuu, habari za humu. Niko mwaka wa pili wa umahiri. Tasnifu yangu inawalinganisha waandishi wawili wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah wa riwaya za Kiingereza na Adam Shafi wa riwaya za Kiswahili, namna wanavyoichora jamii ya pwani. Msimamizi anasisitiza nijiunge na chama cha kitaaluma, akataja ACLALS. Naishi kwa kufundisha tuisheni, na nasikia ada ya mkutano hulipwa kando na ya uanachama. Nahofia pia hiyo nusu yangu ya Kiswahili itaonekana ya ziada.

Bi_Rafu: ACLALS ilianzia Leeds mwaka 1964, ni chama cha fasihi na lugha za Jumuiya ya Madola. Mkutano mkuu ni kila baada ya miaka mitatu, na wanachama huingia kupitia matawi ya kanda. Kwa Gurnah watakusikiliza. Kwa Shafi jiandae kusimulia hadithi yote kabla hujafika kwenye hoja.

Mtu_wa_Kisumu: Mimi ningeenda African Literature Association. Makao yake ni Marekani, kipo tangu miaka ya 1970, kinakutana kila mwaka, na fasihi za lugha za Kiafrika zimo. Lakini ndugu, usiombe radhi kwa Kiswahili! Nairobi, 1968, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati. Leo bado tunaulizana kama Shafi ataonekana wa ziada?

Bi_Rafu: Hapo sikubishii. Tena tangu Gurnah apate Nobel ya 2021, wanaowasilisha makala juu yake ni wengi mno. Anayeweza kumsoma Shafi kwa Kiswahili chake ndiye adimu. Ikisiri yako, yaani muhtasari wa makala utakayowasilisha, ianze na Shafi.

Mwanagenzi_Dar: Asante dada. Sasa nilipe uanachama kwanza au nitume ikisiri?

Mzee_Kalamu: Mwanangu, usitoe hata senti kabla hujasoma wito wa makala, yaani tangazo la mkutano kwa wawasilishaji. Angalia kama mwanafunzi ana punguzo na kama kuna ruzuku ya nauli. Hizo huenda zikafungwa mapema kuliko ikisiri. Na kuna Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, kila mwaka, ambako utawasilisha kwa Kiswahili bila kumtafsiria mtu. Viza ndiyo itakayokusumbua, kwa hiyo barua ya mwaliko iombe siku ileile utakayokubaliwa.

Mwanagenzi_Dar: Nimeelewa mzee. Ikisiri naiandika upya wikiendi hii, Shafi mbele.