Skuta ya petroli London: ULEZ (eneo la tozo ya moshi mchafu) inahusu pikipiki au ni magari tu?

Mpemba wa Barking:
Wakuu salaam. Niko London, naishi Barking, kazi yangu Canary Wharf ya usiku, naingia saa nne natoka saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa, na mabasi ya usiku yamenichosha kwa kweli. Sasa nimeona Vespa PX 125 ya mwaka 2004 inauzwa Kent, paundi 1,400, picha zake nzuri mpaka unaogopa. Muuzaji anasema MOT (cheti cha ukaguzi wa kila mwaka) ipo mpaka mwakani na haina tatizo lolote. Leseni ya gari ya hapa ninayo, niliipata 2019.

Kinachonisumbua ni hii ULEZ. Jamaa mmoja kazini anasema pikipiki hailipi chochote London, mwingine anasema inalipa tena kila siku. Nani mkweli? Na mwanangu ana miaka 14 anataka vile viskuta vya kusimama vyenye kiinjini cha petroli, navyo vina sheria au ni mdoli tu?

Fundi Tottenham:
Wote wawili wana nusu ya ukweli. Pikipiki hailipi ile Congestion Charge, tozo ya msongamano ya katikati ya mji, hapo huyo wa kwanza yuko sawa. Ila ULEZ ni kitu kingine na pikipiki imo, tangu inaanza 2019. Kigezo ni Euro 3, kiwango cha moshi cha Ulaya, ikiwa chini ya hapo unalipa paundi 12.50 kwa siku. Na Barking ilikuwa nje zamani, lakini tarehe 29 Agosti 2023 waliipanua mpaka mitaa yote ya London, kwa hiyo ukiiwasha tu mlangoni kwako umeshaingia. Saa 24, wanapumzika Krismasi basi.

Kwa kawaida pikipiki iliyosajiliwa baada ya Julai 2007 inapita. Yako ya 2004, tena PX yenye ile injini ya tuu stroki inayochoma oili pamoja na petroli... mimi ningekuwa wewe nisingepanda hata treni ya kwenda kuiona. Piaggio wenyewe, watengenezaji wa Vespa, waliiacha kuitengeneza mwaka 2007 hizo sheria za moshi zilipobana, wakairudisha 2011.

Fanya hivi, mwombe muuzaji namba ya pleti, ingia tovuti ya TfL (mamlaka ya usafiri London) kuna sehemu ya kuangalia gari, iandike, jibu linakuja hapo hapo na ni bure. Akikataa kukupa namba, mwache na Vespa yake.

Mama Nuru, Ilford:
Kaka yangu umesema kazi ya usiku, hapo ndipo watu wanapoumia. Siku ya ULEZ inahesabiwa saa sita usiku mpaka saa sita usiku. Unatoka nyumbani saa tatu usiku, unarudi alfajiri, hizo ni siku mbili, 25 hiyo kwa zamu moja! Mume wangu alikuwa na gari la dizeli la zamani tukalipa hivyo mpaka tukaliuza.

Fundi Tottenham:
Kweli dada, ila kwa wiki nzima siyo 25 mara tano, maana ile asubuhi anayorudi na usiku anaotoka tena ni tarehe moja. Jumatatu usiku mpaka Jumamosi asubuhi ni tarehe sita, paundi 75 kwa wiki. Ikiwa imeegeshwa tu haijatembea hailipi. Na ukisahau kulipa, una mpaka usiku wa manane wa siku ya tatu baada ya safari, ukipitisha hapo barua ya faini ya paundi 180 inakuja, ukiwahi ndani ya siku 14 ni 90.

Mpemba wa Barking:
Lahaula, 75 kwa wiki? Mwezi mmoja na nusu hivi nimekwishailipa ile Vespa mara ya tatu... hapana subiri, siyo mara ya tatu, ni theluthi ya bei yake, lakini mnanielewa 😂. Sasa hiyo MOT imepitaje kama moshi wake mchafu?

Fundi Tottenham:
MOT ya pikipiki haipimi moshi kama ya gari. Wanaangalia breki, taa, tairi, usukani, bomba la ekzosi lisipige kelele kupita kiasi. Kwa hiyo muuzaji hakukudanganya, MOT ipo kweli, ila haijibu swali lako. Na Kent si eneo la ULEZ, yeye huko anatamba nayo bila senti. Nahisi hata bei ni kwa ajili hiyo, vyombo vingi vilivyokataliwa London vinauzwa pembeni huko.

Vespa Mkongwe:
Kama unaipenda PX kwa moyo, tafuta iliyotimiza miaka 40 yenye usajili wa historia, hiyo imesamehewa ULEZ, mradi huifanyii biashara. Zinakuwa ghali lakini. Ama sivyo chukua Honda au Yamaha 125 ya miaka ya karibuni, haina uzuri ila inawaka kila siku. Za 50cc usizipime kwa mwaka peke yake, sheria zao zilikuja tofauti na za 125, cheki namba tu.

Mkaazi wa Ng'ambo:
2004 ndiyo mkongwe? Huku Unguja hiyo ni mpya kabisa, ilete tutaipokea bandarini 😄

Mama Nuru, Ilford:
Na leseni hujaulizwa! Leseni ya gari ya 2019 haikuruhusu 125 moja kwa moja, lazima CBT, mafunzo ya siku moja, cheti kinadumu miaka miwili. Unaweka pleti ya L ya mwanafunzi, hubebi abiria, hupandi motowei. Na bima uifunge kabla ya kuitoa kwa muuzaji. Ukifikiria kubeba vyakula vya watu wikendi, bima ya kawaida haitoshi, waambie kabisa.

Kuhusu kijana, mwambie hapana. Kiskuta cha kusimama chenye injini, cha petroli au cha umeme, sheria inakihesabu ni chombo cha moto. Cha mtu binafsi barabarani na kwenye njia ya waenda kwa miguu hakiruhusiwi, polisi wanakibeba, na kukiendesha bila bima ni paundi 300 na pointi sita kwa leseni ambayo hata hajaipata. Kwenye shamba la mtu aliyekubali, sawa.

Mpemba wa Barking:
Nimeingiza namba sasa hivi, TfL wamejibu inalipa 12.50. Nimemwandikia muuzaji asante. Kuna Honda SH125 ya 2016 Romford, imekubali kwenye tovuti, lakini logibuku (karatasi ya usajili) ina jina la mtu mwingine, muuzaji anasema ni shemeji yake. Vipi hapo?

Fundi Tottenham:
V5C, yaani hiyo logibuku, si hati ya umiliki, imeandikwa hapo hapo juu yake, kwa hiyo jina tofauti peke yake si wizi. Ila mwambie huyo shemeji awepo siku ya kununua, linganisha namba ya chesisi na ya kwenye karatasi, na angalia historia ya MOT mtandaoni kama maili zinapanda vizuri. Romford niko Jumapili mchana, ukitaka jicho la pili niandikie inbox.