Koufax wa 1966 au Pedro wa 2000: nani alirusha vizuri zaidi?

Bi_Hesabu: Wakuu, tuwapime warushaji wawili wa besiboli kwa msimu mmoja mmoja. Sandy Koufax, Dodgers, 1966: kashinda 27, kapoteza 9, wastani wa runi (alama) anazoruhusu 1.73, na ukiwa mdogo ndiyo bora. Pedro Martínez, Red Sox, 2000: 18 kwa 6, wastani 1.74. Wastani unapatikana hivi: runi zinazohesabiwa kwa mrushaji mwenyewe, zidisha kwa 9, gawanya kwa iningi (vipindi, mechi ya kawaida ina tisa) alizorusha. Kwa Pedro ni 42 × 9 ÷ 217. Mnamchukua nani?

Mkono_Kushoto: Koufax, wala sijiulizi mara mbili. Iningi 323, na mechi 27 alianza akamaliza mwenyewe. Enzi zile tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, ilikuwa moja tu kwa ligi zote mbili, na alibeba tatu: 1963, 1965, 1966.

Bi_Hesabu: Sawa, ila 1.73 ile na 1.74 hii ni kama shilingi ya zamani na ya leo. Hadi 1968 tuta la kurushia lilikuwa na kimo cha inchi 15. 1969 likashushwa hadi 10, maana tuta refu humsaidia mrushaji. Tena tangu 1963 eneo la straiki (pale mpira unapotakiwa kupita) lilikuwa limepanuliwa, nalo likamsaidia mrushaji. Ligi ya Koufax ilikuwa na wastani wa 3.61, ya Pedro 4.91. Aliyemfuata Pedro, Roger Clemens, alikuwa na 3.70!

Tuta_na_Bamba: Silaha ya Pedro ilikuwa mpira wa polepole. Kidole gumba na cha shahada vinafanya duara ubavuni mwa mpira, vidole vingine vinaubeba. Mkono uende kasi ileile ya mpira mkali. Ukiulegeza tu, mpigaji keshajua.

Mkono_Kushoto: Na kazi je? Baada ya 1998 Pedro hakufika tena iningi 220 katika msimu wowote.

Tuta_na_Bamba: Kazi hiyohiyo Koufax aliifanya na baridi yabisi ya kiwiko. Alistaafu na miaka 30, ushindi 165 tu.

Kocha_wa_Jioni: Mrushaji Greg Maddux mmemwacha wapi? Ushindi 355, Cy Young nne mfululizo 1992 hadi 1995. Katika iningi zaidi ya 5,000 aliwapa wapigaji beisi ya bure (kwa kurusha nje ya eneo la straiki mara nne) mara 999 tu.

Bi_Hesabu: Swali ni msimu mmoja, mkuu. Ukimleta Maddux, leta 1.56 yake ya 1994, ila mgomo wa wachezaji uliukata msimu ule Agosti. Mimi nabaki na Pedro.

Mkono_Kushoto: Na mimi na iningi zangu 323.