Wauza kuku wa Mombasa, acheni kutuambia "watazoeana tu"!

Wadau, salaam aleikum. Nina hasira na sitazificha.

Khalati yangu yuko Mtopanga, anafuga kuku uani kwake, mayai anawauzia majirani. Juzi kaagiza tembe, yaani kuku majike wachanga ambao hawajaanza kutaga, kwa muuzaji mmoja anayejiita mtaalamu. Aliahidiwa wote ni wa rika moja, wa banda moja. Waliposhushwa hata mtoto angeona: baadhi undu wa kichwani ushakuwa mwekundu, wanakaribia kutaga, na wengine bado vijitoto, wamepishana nao mwezi na zaidi. Khalati akauliza. "Mama, hawa watie na wale wako, watazoeana tu." Akauliza kama si bora awatenge kwanza. Akaambiwa hayo ni mambo ya vitabuni, na kijana wa muuzaji akafungua mlango wa banda akawamwaga humo humo, pamoja na kuku wa zamani.

Asubuhi tembe mmoja alikuwa amekufa, kinyeo kimedonolewa mpaka utumbo uko nje. Mwingine amejibana pembeni, mgongo hauna hata unyoya, ngozi imechanika. Muuzaji alipopigiwa simu alikuja na kisu na jiko la makaa. Eti awakate midomo kuku wote wasidonoane, na kila kichwa kilipiwe! Khalati alikataa, alhamdulillahi. Akajibiwa asimpigie tena. Pesa za kuku aliyekufa? Hakuna.

Huyu mmoja amenikera, lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba maneno hayo hayo nayasikia kila mahali, kuanzia sokoni Kongowea mpaka kwenye vikundi vya simu. Kuku wakiumizana, mtu anaandika "hao ni wakorofi, chinja". Mwingine anaandika "choma mdomo". Hakuna anayeuliza nani aliyewachanganya, na vipi.

Kuku wana vyeo. Jambo hili si geni: miaka ya 1920 msomi wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alishaeleza kwamba katika kundi kila kuku anamjua anayeweza kumdonoa na asiyethubutu kumgusa. Vyeo vikishakaa, banda linatulia. Mkubwa akinyoosha shingo tu, mdogo anampisha kwenye chakula, yamekwisha. Ukiwatupia wageni, vyeo vyote vinaanza kugombaniwa upya, na mgeni akiwa mmoja au mdogo kwa umbo, wenyeji wote wanamshukia yeye.

Ugomvi wa cheo wenyewe kwa kawaida hauui. Wanarukiana, wanadonoana kichwani, baada ya siku kadhaa wanaheshimiana. Balaa ni damu. Ngozi ikichanika, wekundu ule unawavuta wote, hata wale wapole, na wakishaonja hawaachi. Kwa hiyo aliyejeruhiwa anatolewa saa ile ile, anapakwa ile dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo inasaidia jeraha na pia inaficha wekundu. Asirudi mpaka apone.

Na hapa kwetu Mombasa mambo yanazidi kwa sababu ya joto. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, ingia ndani ya banda lenye paa la mabati lililo chini saa nane mchana ukae humo kidogo. Utatoka unatafuta wa kugombana naye. Kuku hatoi jasho, anapumua mdomo wazi, mbawa ameziachia, maji yamekwisha tangu asubuhi na chombo ni kimoja, kimekaliwa na mkubwa. Wanyonge wanakunywa lini? Hapo mtu anasema kuku ni wabaya! Ezeka makuti juu ya hayo mabati, fungua pande mbili upepo wa bahari upite, weka vyombo vya maji na vya chakula kila pembe ili mkubwa asiweze kuvilinda vyote. Nafasi nayo: futi mbili za mraba kwa kila kuku ndani ya banda ndiyo kima cha chini, na kama hawatoki nje ongeza.

Chakula pia. Wengi wetu tunawapa machicha ya nazi na makombo ya wali, basi. Machicha yanashibisha lakini protini yake ni ndogo, na kuku wa mayai anahitaji chakula chenye protini asilimia 16 hivi. Akipungukiwa, ananyofoa manyoya ya mwenzake na kuyala. Ongezeni omena, na fungeni mchicha au sukuma juu kidogo, wawe na kitu cha kudonoa kutwa.

Wageni wanatengwa kwa wavu, waonane bila kufikiana, wiki moja au mbili. Baadaye wanaingizwa kwa pamoja, kamwe si mmoja mmoja, usiku wakiwa wamelala kwenye fito zao, na asubuhi uwepo pale uangalie. Wale vijitoto wanasubiri mpaka walingane kwa umbo na wenyeji. Na akiwepo mmoja anayewatesa wenzake kila saa, mtoe YEYE, akae peke yake siku chache. Akirudi anakuta vyeo vimepangwa upya, anaanza chini. Hilo halihitaji kisu.

Kisu sasa. Mdomo wa kuku si ukucha. Ncha yake imejaa mishipa ya fahamu, ndiyo anayopapasia chakula. Ukiukata kwa chuma cha moto kwa kuku mkubwa, anaumia siku ile, na maumivu yanaweza kubaki hata kidonda kikishapona. Norwei, Sweden na Finland wamekataza ukataji huo. Sisi Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, halafu mtu anakuja nyumbani kwa mama mtu mzima na jiko la makaa, anaita hiyo huduma!

Nataka mambo mawili kwenye uzi huu. Kwanza, anayeuza tembe Mombasa, awe Kisauni, Likoni au Changamwe, aandike hapa kama yuko tayari kumpa mnunuzi tarehe waliyototolewa na chanjo walizopata, kwa maandishi, na kuwapakia kila rika kwenye tenga lake. Pili, waliouziwa kwa mtindo huu na kisha wakatajiwa kisu, waeleze yaliyowapata. Ukitaka kuandika "chinja tu" au "choma mdomo", pita mbali na uzi wangu.