Kuhariri utenzi wa hati ya Kiarabu kwa ajili ya jarida: mnaamuaje usomaji?

Mwanagenzi_K
Wakuu, salaam. Idara yetu ina picha za nakala ya utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu: kurasa 22, beti 180 hivi, lahaja inaelekea Kiamu (ya Lamu), mtunzi hatajwi. Makala yenye matini niliyohariri imerudi kutoka kwa mtathmini, na pembeni karibu kila ukurasa kaandika "umesanifisha", yaani nimegeuza lugha ya mtunzi kuwa Kiswahili sanifu. Halafu kuna maneno yanayosomeka namna mbili tatu, zote zina maana. Mnaamuaje?

Nukta_Tatu
Inaelekea umetoka kwenye picha ukaenda moja kwa moja kwenye Kiswahili cha leo. Weka safu tatu: picha, unukuzi wa herufi kwa herufi, kisha usomaji wako. Safu ya pili inachosha, lakini ndiyo inayomwezesha msomaji kukukosoa.

Kabla ya yote, tengeneza jedwali la mazoea ya mwandishi wa nakala hiyo. Katika nakala nyingi za zamani herufi be (ب) hubeba b, p na mb. Fe hubeba f na v. Ghaini hubeba g, gh, ng na ng'. Ch huandikwa kwa kafu (k) au shini (sh). Alama za irabu ni tatu tu: fataha ni a, kasra ni i au e, dhuma ni u au o. Nuni (n) au mimu (m) ya nd, ng na mb kwa kawaida haiandikwi kabisa, ila m ya "mtu" huandikwa, maana ni silabi yenyewe. Kwa hiyo كُبِدَ (kubida) ni kupenda au kupinda, na hati haikusaidii.

Vina vinasaidia. Chukua ubeti ambao vipande vyake vitatu vya mwanzo vinaishia مَبُ (mabu) na فُبُ (fubu) na أُلِبُ (ulibu). La tatu laweza kuwa "ulipo" au "ulimbo". La kwanza ni mambo, la pili ni fumbo, basi kina ni -mbo na umepata ulimbo. Ila usikitegemee kina peke yake. Watunzi wengine waliridhika na vina vya macho, yaani vinavyofanana kwenye karatasi tu. Hapo muktadha ndio unaoamua, na usomaji ulioukataa unaingia kwenye tanbihi. Usiufiche.

Bi_Mizani
Naongeza mizani. Kila kipande cha ubeti kina mizani 8, yaani silabi 8. Mtu ni 2 (m-tu), mbuzi ni 2 (mbu-zi), nchi nayo 2 (n-chi). Ukipata 7, usikimbilie kuongeza neno lako. Mara nyingi ni neno la Kiarabu ulilolisoma kwa kubana: mwandishi kaandika ilimu (3), wewe umesoma ilmu (2). Ukipata 9, angalia kama irabu mbili zimekutana na zinatamkwa pamoja. Ikishindikana, acha pengo ndani ya mabano ya mraba.

Kuhusu kusanifisha, mtathmini ana haki. Kiamu husema mato (macho), ndia (njia), yeo (leo). Mtu akiandika "macho" mahali pa mato katika ubeti wenye moto na kijito, kina kimevunjika, na msomaji atadhani mtunzi ndiye aliyeshindwa.

Nukta_Tatu
Sahihi. Ila Bi Mizani, safu ya usomaji lazima isomeke. Kuijaza alama za t ya meno (inayotamkwa ulimi ukigusa meno) na mpumuo (pumzi inayosikika baada ya konsonanti) ni kumfukuza msomaji wa kawaida.

Bi_Mizani
Hapana, hapo tunatofautiana. Paa la nyumba na p'aa wa porini si neno moja, na mtunzi wa Lamu au Mombasa aliwasikia tofauti. Mwalimu Sikujua, aliyefanya kazi na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor Mombasa karne ya 19, aliongeza alama kwenye herufi za Kiarabu kwa sababu hiyo hiyo. Kama hutaki alama kwenye matini, ziweke kwenye faharasa ya maneno, lakini ziwepo.

Mwanagenzi_K
Nimewaelewa. Mwishoni mwa nakala kuna "tamati" na mwaka 1312 tu. Naandikaje?

Karani
Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. 1312 inakupa 1894 na ushei. Kwa kuwa mwaka huo wa Hijria unagusa miaka miwili ya Miladia, na mwezi hukutajiwa, andika 1312 Hijria (1894/95). Na hiyo ni tarehe ya kunakili. Ya kutunga yaweza kuwa nyuma sana, usiziunganishe.

Kagua pia neno la chini pembeni mwa kila ukurasa: linapaswa kuwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Lisipolingana, kuna karatasi imepotea au imepangwa vibaya, na hesabu yako ya beti 180 si ya kuaminika. Tafuta nakala nyingine za utenzi huo kwenye orodha ya hati za maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyoichapisha J. W. T. Allen mwaka 1970, na kwenye mkusanyiko wa SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London. Ukizipata, zipe herufi A, B, C, chagua moja iwe msingi, tofauti za nyingine ziende chini ya ukurasa. Usichanganye mstari wa A na wa B ukapata ubeti ambao hakuna aliyewahi kuuandika.

Na ruhusa ya wenye nakala iwe ya maandishi, ikitaja waziwazi kama picha zitawekwa mtandaoni au la.