Kufundisha wenzetu wa maktaba mambo ya mtandaoni: mambo 23, jiokashi au msako wetu wenyewe?

Mkutubi_Mkomani
Asalaam aleikum wadau. Hapa maktabani Lamu tuko sita na mwaka huu nimeachiwa mimi kuwafunza wenzangu vitu vya mtandaoni, katalogi ya Koha (ile programu ya maktaba ya kutafutia vitabu), ramani, kupakia picha na kadhalika. Semina za projekta tushafanya mara tatu, watu wapiga miayo wakingoja chai na mahamri, wiki ya pili mtu anakuuliza nenosiri lake ni lipi kama kwamba mi ndo nililizaa. Sasa nna njia tatu: ule mpango wa mambo 23 kila mtu ajisomee pole pole, au jiokashi, yaani kusaka makopo yaliofichwa kwa GPS ya simu, au tuunde msako wetu hapa mjini kwa misimbo ya QR, vile vimraba vya vidoti vinavyosomwa na kamera ya simu. Aliyejaribu mojawapo anambie ukweli.

Kasa_Malindi
Waaleikum salaam. Mambo 23 nilifanya peke yangu. Mpango huo ulianzishwa 2006 na Helene Blowers kwenye maktaba za Charlotte kule Marekani, wajifunza blogu, RSS ya kuletewa habari mpya za tovuti, Flickr ya picha na vinginevyo, wafanya kwa wakati wako na wao walomaliza walipewa redio ndogo ya MP3. Sisi nani atatupa? Halafu orodha ile ya zamani ishachacha, ukifika kwa Rollyo, ile tovuti ya kutafutia, hamna kitu, itabidi uandike yako upya. Na kubwa zaidi hakuna anayekungoja, mi nilifika jambo la tisa Ramadhani ikaingia, ikatoka, sikurudi tena.

BintiShela
Jiokashi tamu jamani!! Ilianza Mei 2000, Marekani walipoacha kuivuruga makusudi GPS ya raia, kesho yake tu Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo msituni Oregon na daftari ndani ya watu kusaini. Ufukweni Shela simu inashika vizuri sana. Lakini ndani ya mji mmh, vichochoro punda wawili hawapishani, kuta ndefu, mawimbi ya setilaiti yanagonga huku na huku, GPS inakwambia kopo liko sebuleni kwa watu na wewe umesimama nje wachungulia. Na ukitaka kuficha lako lisajiliwe kwenye tovuti ya jiokashi, liwe angalau mita 161 mbali na la mwenzio, mkaguzi alipitishe, na kuzika ardhini hairuhusiwi. Alafu kwa usalama wetu huku, mtu anaonekana asukuma kijisanduku chini ya benchi pale jetini, si utashinda kituoni wajieleza?

Nahodha_Mstaafu
Wanangu, jiokashi itawafunza programu moja tu, hio hio ya jiokashi. Mkutubi shida yake ni katalogi. Kama ni msako basi kila fumbo lisifunguke ila kwa kile chombo unachotaka wajue, lasivyo ni matembezi tu ya jioni.

Mkutubi_Mkomani
Mzee umenifungua macho. Mfano: "nilijengwa nilinde mji, nikageuka jela mpaka 1984", jibu Ngome, hapo wakifika wanakuta namba ya kitabu, waitafute kwenye katalogi, neno la kwanza la jina la kitabu ndo linawapeleka kituo cha pili, huko wapige picha waitie kwenye ramani... Na yuko mama yetu mmoja kazini, karibu astaafu, kompyuta haigusi kabisa asema itamlipukia. Lakini mitaa yote kuanzia Mkomani hadi Langoni aijua nyumba kwa nyumba. Nimemuomba atunge mafumbo yeye, jana kaja na kumi na moja! na matatu kayaandika kwenye simu mwenyewe, mi nilikaa kimya nisimshtue.

Kasa_Malindi
Hapo umeshinda. Mi nakuunga mkono msako wa kwenu, mambo 23 yachukue kama orodha tu ya kuchagulia vyombo, saba vyatosha. Ujanja mwingine: maandishi ya fumbo yatie ndani ya msimbo wenyewe badala ya linki, simu itasoma bila intaneti, bando litumike kwa katalogi tu. Weka maneno machache, ukijaza sana vidoti vinasongamana simu haisomi.

BintiShela
Na karatasi uziweke plastiki na uzibandike JUU. Tangazo letu la harusi punda alilimaliza lote ikabaki gundi.

Mkutubi_Mkomani
😂😂 Sawa, juu. Ni Jumamosi baada ya alasiri, timu mbili, kila timu kijana na mkubwa. Kituo cha mwisho nataka magofu ya Takwa kule Manda, ila maji yakipwa mashua haipenyi kwenye mikoko. Mzee Nahodha, Jumamosi ni bamvua au maji mafu?

Nahodha_Mstaafu
Alasiri yatakuwa yapwa. Endeni asubuhi, ama Takwa muiache.