Je, anayeua watu kwa bunduki lazima awe mgonjwa wa akili? Mdogo wangu ameyasikia haya barazani

BintLangoni, Lamu

Assalamu aleikum. Naomba mnijibu kwa upole, jambo hili limenikaa kifuani tangu juzi.

Baraza yetu hapa Langoni haikosi wazee baada ya swala ya alasiri. Juzi redio ilikuwa inaeleza mauaji mengine ya bunduki huko Marekani. Mmoja akasema, "Ni mwenda wazimu huyo. Wakifungiwa wenda wazimu wote, dunia itatulia." Wenzake wakaitikia.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kizingitini, anasokota pamba. Yeye ni fundi wa kalafati, huziba mianya ya mbao za majahazi huko Matondoni, na nyuzi zake husokotea nyumbani, akazilaza pajani moja moja. Nikaona mikono imesimama. Akazikusanya zile nyuzi taratibu, akaingia ndani. Jana hakwenda kazini, na leo pia.

Ana miaka 26. Aliugua akili akiwa na 19. Hudungwa sindano kila mwezi, na ikikosekana huku kisiwani tunavuka Mokowe alfajiri, tunapanda basi hadi Malindi kuitafuta. Miaka yote hii hajamnyanyulia mtu mkono. Yeye ndiye aliyepigwa mawe na vijana hadi akashonwa juu ya jicho.

Ni kweli wanaofanya mauaji yale ni wagonjwa kama yeye? Nataka neno la kuwaambia wale wazee kwa adabu, maana ni baba zangu.

AbuNasri, Malindi

Waaleikum salaam dada. Mimi nimeendesha lori Ohio, huko Marekani, miaka 11. Binti yangu wa darasa la pili alifundishwa shuleni kujificha chini ya dawati taa zikiwa zimezimwa, asikohoe. Siku aliponionyesha sebuleni namna ya kujikunja, nilishindwa kula.

Wagonjwa wa akili wako kila nchi. Marekani imezidi kwa bunduki: zilizo mikononi mwa raia ni nyingi kuliko raia wenyewe, na haki ya kuzimiliki imo katika katiba yao tangu 1791. Australia waliuawa watu 35 pale Port Arthur mwaka 1996. Serikali ikapiga marufuku aina nyingi za bunduki na kuzinunua zaidi ya 600,000 kutoka kwa wananchi. Uingereza, mwaka huo huo, waliuawa watoto 16 na mwalimu wao Dunblane, na bastola zikapigwa marufuku karibu zote. Na sisi Waislamu tunaikumbuka Ijumaa ile ya Machi 2019 kule Christchurch, walipouawa waumini 51. New Zealand ilibadili sheria kabla mwezi mmoja haujapita. Hakuna nchi hapo iliyokuwa imemaliza maradhi ya akili. Waambie wazee hivyo.

MzeeWaHindi

AbuNasri, umesema kweli lakini si yote. Lewiston, jimbo la Maine, Oktoba 2023, waliuawa watu 18. Aliyewaua alikuwa mwanajeshi wa akiba, naye akili yake kweli ilikuwa imeyumba. Jamaa zake walikuwa wamewaeleza polisi miezi kabla, akalazwa pia, akatoka, na bunduki akabaki nazo. Kwa hiyo tusimwambie binti huyu kwamba akili haihusiki kabisa.

Lakini mwanangu, waliotuvamia Mpeketoni, huku huku Lamu, Juni 2014, wakaua watu wasiopungua 60, hawakuwa wagonjwa. Walikuja kwa mpango, wakawa wanauliza watu dini.

Baada ya hapo nilipewa bunduki ya kulinda kijiji. Niliilaza chini ya kitanda. Usingizi ukanitoka. Nikawa naamka usiku kuhesabu risasi, naziweka mkekani, nazihesabu tena. Usiku mmoja mke wangu alifungua mlango akitoka msalani, nikajikuta nimeishika tayari. Asubuhi niliirudisha, nikasema sitaki. Aliyenipa hakuwahi kuniuliza kama nalala. Mimi sina ugonjwa wenye jina hospitalini, mwanangu, na nusura nimuue mama watoto.

NesiMstaafu, Malindi

Bi BintLangoni, nimehudumia wagonjwa wa akili miaka mingi. Watafiti wa huko Marekani wamekadiria kuwa katika visa 100 vya ukatili, vinavyotokana na ugonjwa mkali wa akili ni kama 4 tu. Na zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi kule wamejiua wenyewe. Ndiyo maana maneno ya Mzee wa Hindi ni ya kweli: aliye katika dhiki asikae na silaha, awe ana cheti cha daktari au hana.

Ila mimi namwazia mdogo wako kuliko wazee. Kijana aliyeacha kazi siku mbili baada ya maneno yale, usimwache peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Na akisema ndiyo, mlete hospitali bila kuogopa polisi. Zamani familia zilificha kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu hicho kinakwenda kinyume cha katiba.

BintLangoni, Lamu

Mungu awalipe. Mzee wangu, nimekusoma mara mbili, pole sana.

Nilimuuliza jana usiku. Alinyamaza hata nikadhani hatanijibu. Kisha akasema, "Sitaki kufa. Nataka kujua kama na wewe hulala mlango umefungwa kwa ajili yangu." Nikamwambia sijawahi kuufunga. Tukalia sote wawili.

Leo nimemfuata yule mzee nyumbani kwake kabla ya adhuhuri, nikamweleza ya Christchurch na ya Mpeketoni, na nikamwambia nani alikuwa kizingitini. Alishika kichwa. Alasiri alipita barazani, akaingia ndani moja kwa moja, wakakaa na mdogo wangu. Sikuwasikiliza.

Nesi, sindano yake ni Jumatano na huku wameniambia haipo. Malindi ipo wiki hii?

NesiMstaafu, Malindi

Kesho asubuhi nitakwenda kuuliza mwenyewe. Usipande basi kabla sijakujibu.